Kisigino cha Mjomba na Mlango wa Chumba Namba Nne

Wafanyakazi wote wa kudumu, wa mkataba na wa kujitolea, pamoja na wageni watakaokuwemo jengoni siku hiyo, wanatangaziwa rasmi kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 29 ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mlango wa Chumba Namba Nne utaanza kujibamiza. Haujajibamiza kwa miaka thelathini na mitatu, ukiondoa wiki saba na adhuhuri moja, ambazo habari zake zitafuata. Kila mmoja anaombwa ajiandae. Wenye mioyo myepesi wapitie korido ya nyuma.

Sababu ya tangazo hili ni kwamba siku hiyo na saa hiyo anastaafu mtu aliyekuwa akiuzuia. Utumishi wake ni miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja, na muda wote huo amekuwa na cheo kimoja tu: mtunza wanyama wa maabara. Faili lake linamtaja kwa majina matatu na namba. Sisi tunamwita Mjomba, na hata katika faili lenyewe, mahali fulani katikati, karani mmoja aliyechoka ameandika Mjomba na kugonga muhuri.

Kwa wale ambao hawajawahi kushuka ghorofa ya chini, Chumba Namba Nne ndicho chumba cha panya. Si wale panya wa stoo wanaokula sabuni na kuacha karatasi ya kufungia, la. Hawa ni panya wadogo weusi wa ukoo unaojulikana mpaka kwa bibi wa bibi, wanaokaa kwenye vizimba vya plastiki angavu juu ya maranda ya mbao, kila kizimba na chupa yake ya maji, na kadi yake yenye tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na jina la mama. Wengi wetu hapa kazini hatuna kumbukumbu zilizotunzwa vizuri kiasi hicho.

Mjomba aliletwa kwa miezi mitatu, kumshikia nafasi mtu aliyekwenda masomoni. Mtu huyo hajarudi mpaka leo. Kwa hiyo, tukifuata barua yake ya kwanza neno kwa neno, Mjomba bado anashikilia nafasi.

Enzi hizo vizimba vilikuwa vya bati, na kelele zake zilikuwa za jiko la harusi. Maranda yalitoka karakana ya seremala ng'ambo ya barabara, gunia kwa gunia, na Mjomba aliyachekecha mwenyewe asije panya akachomwa na kibanzi. Chekecheo lilikuwa la mkewe, ambaye ni fundi cherehani lakini hupika pia, na ambaye alilitafuta kwa miaka miwili huku akiwatuhumu majirani. Panya walipimwa kwa mizani ya mawe. Jiwe dogo kuliko yote lilipopotea, Mjomba alijaribu vitu mbalimbali mpaka akapata kifungo cha shati chenye uzito uleule kabisa. Kifungo hicho kimechangia makala sita ya kisayansi, na kimetajwa katika makala sifuri.

Wakongwe hawajasahau siku ya mgeni rasmi. Jengo lilipakwa rangi, ngazi zikaoshwa, na sote tukaagizwa kusimama wima na kutabasamu kwa kiasi. Mgeni rasmi alipokuwa Chumba Namba Nne akisikiliza maelezo, panya mmoja aliyekuwa na mipango yake alishuka mezani na kuingia kwenye pindo la suruali ya mheshimiwa. Waliomwona walikuwa wawili, Mjomba na mtu wa stoo, na mtu wa stoo aliganda. Mjomba akapiga magoti mbele ya mgeni, taratibu, akainamisha kichwa, akapitisha mkono kwenye pindo na kufunga kiganja. Mheshimiwa aliguswa sana. Alimpapasa bega akamwambia inuka, inuka baba, mimi ni mtu wa kawaida tu. Kwenye hotuba yake akasema katika taasisi zote alizotembelea hajaona wafanyakazi wenye adabu kama yetu. Mjomba alisikiliza hotuba yote akiwa amesimama wima, mkono mmoja mfukoni, na mfuko ukitikisika.

Hayo yalikuwa ya ujana. Kazi yenyewe, ile ambayo huenda ikatufanya tukumbukwe, ilikuja miaka kumi na miwili iliyopita pamoja na Daktari, mama mmoja mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na ambaye kila siku hutafuta ule wa tatu.

Daktari alikuja kuchunguza mafuta ya ubongo. Tulicheka, kama ambavyo ungecheka wewe. Lakini alitukalisha akatueleza, na maelezo yake ndiyo haya, kwa kadiri yalivyobaki vichwani mwetu. Ubongo ukiukausha maji yote, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Mafuta hayo si ya kunenepesha. Mengine ndiyo ukuta wa kila seli, na mengine ni wajumbe. Ubongo wa mtoto unapojengwa, seli hukata kipande kidogo cha mafuta kutoka ukutani mwake ikakipeleka kwa jirani, na kipande hicho husema: kua upande huu, simama hapo, usijiunge na yule. Kinachokata ni kimeng'enya fulani chenye jina refu kuliko korido yetu. Daktari alikuwa na ukoo wa panya wanaozaliwa bila hicho kimeng'enya. Mjomba, aliyesikiliza akiwa amekumbatia gunia la chakula, aliuliza kama ni sawa kusema hawa wamezaliwa bila mkasi. Daktari akafikiri akasema ni sawa kabisa. Tangu siku hiyo wakaitwa Wasio na Mkasi, na jina hilo limefika hadi kwenye mikutano ya watu wanaovaa tai.

Wasio na Mkasi hawakuwa wagonjwa. Walikula, walizaa, walikuwa na manyoya ya kung'aa. Ila ukimweka mmoja wao kwenye sanduku la vyumba vitatu, huku panya mwenzake na kule kikopo kitupu, ndugu zake wa kawaida wangekwenda kumnusa mgeni, naye angekwenda kukaa na kikopo. Ukimpa gololi ishirini juu ya maranda, ndugu yake angefukia tano au sita akaendelea na maisha. Yeye angefukia nyingi zaidi, kwa mpangilio, kama mtu aliyepewa muda wa mwisho. Tabia hizo zinafanana kidogo na zile za watu wenye usonji. Zinafanana tu. Daktari alilirudia jambo hilo mpaka likatuchosha: panya hana usonji, usonji ni wa watu, na hata kwa watu hakuna wawili wanaofanana.

Wiki ileile lilikuja bango kubwa la kuelezea utafiti, na neno hilo, usonji, limeandikwa juu kwa herufi za bluu. Mjomba alipewa nyundo na misumari minne alitundike koridoni. Ilimchukua saa nzima. Aliyepita alimkuta amesimama, nyundo mkononi, anasoma. Aliyerudi alimkuta palepale. Tulidhani ukuta ni mgumu.

Tukaingia kwenye mazoea. Kila asubuhi saa moja unusu Mjomba alifungua Chumba Namba Nne na kusalimia, habari za asubuhi, waheshimiwa, akavuta kimya kidogo kama anasubiri jibu. Alifanya kazi huku akivumisha wimbo mmoja puani, ambao baada ya miaka thelathini na mitatu bado hatujaujua ni upi. Alibadilisha maranda, akaosha chupa, akahesabu gololi. Hakumshika panya mkia hata siku moja. Aliwabeba kwenye kikombe cha plastiki, akisema mkia si mpini. Alitoka na vizimba viwili, kimoja kila mkono, na nyuma yake mlango ukajifunga bila sauti.

Hilo la mwisho hakuna aliyeliona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kimya nani atakitazama? Mtu wa stoo peke yake alikuwa na dalili mkononi na hakujua ni dalili ya nini. Kila mwaka Mjomba alipewa buti mpya za mpira, na kila mwaka alirudisha ya kushoto imelika kisigino mpaka kitambaa, na ya kulia nzima kama ilivyotoka kiwandani. Stoo ina buti za kulia thelathini na moja. Kama kuna mtu yeyote mwenye miguu miwili ya kulia, aje na kitambulisho.

Miaka minane iliyopita Mjomba aliomba likizo ya dharura. Sababu aliyoandika ni mambo ya kifamilia, na kwa kuwa hakufafanua, tulifafanua sisi. Kantini ilikubaliana kwamba Mjomba anaongeza mke. Alikaa wiki saba. Nafasi yake ilishikwa na mfagizi wa ghorofa ya pili, kijana mwaminifu aliyefuata orodha yote ya kazi bila kuruka mstari. Chakula kilekile, maji yaleyale, maranda yaleyale. Mjomba aliporudi, amekonda na hana mke mpya, panya walikuwa salama wote na kadi zimejazwa vizuri kuliko zake.

Miezi michache baadaye Daktari alianza kuzungumza peke yake koridoni.

Jambo lilikuwa hili. Wasio na Mkasi waliozaliwa zile wiki saba walipokua na kupimwa, walikuwa tofauti kabisa na wenzao. Walifukia gololi zote ishirini, wakakaa pembeni wameukabili ukuta, na ukigusa kalamu mezani waliruka. Waliozaliwa kabla ya hapo, na waliozaliwa baada ya hapo, walitofautiana kidogo tu na ndugu zao wa kawaida. Damu moja, kukosa mkasi kulekule, chakula kilekile, na matokeo mbalimbali kama masimulizi ya watu walioona ajali moja. Matokeo yanayokuja na kuondoka si matokeo. Wafadhili waliandika barua ya heshima: kama hakutakuwa na maelezo mpaka mwisho wa robo mwaka, utafiti usimame na ukoo ufungwe. Kufunga ukoo, kwa lugha ya kazi hii, si kuwahamishia idara nyingine. Walikuwa panya mia nne na kumi na wawili.

Daktari alitangaza hayo kwenye kikao cha Jumatatu, miwani yote miwili imemshukia puani. Ndipo Mjomba, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na jagi la maji, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasimama. Akatoa funguo za Chumba Namba Nne mfukoni, akatembea mpaka mbele, akaziweka mezani. Kisha kutoka mfuko wa kushoto akatoa mbegu za alizeti kiganjani, akazimwaga kando ya funguo.

Alisema kosa ni lake. Alisema kwa miaka miwili, kila siku saa kumi jioni, amekuwa akiwapa Wasio na Mkasi mbegu ya alizeti, kwa siri. Zile wiki saba hakuwepo, kwa hiyo hawakupata. Kila aliyekuwemo chumbani alielewa uzito wa maneno hayo. Sheria ya kwanza ya Chumba Namba Nne, iliyoandikwa mlangoni kwa mkono wa Mjomba mwenyewe, ni kwamba hakuna kinachoingia mdomoni mwa panya ila chakula kilichopimwa. Na alizeti ni nini kama si mafuta? Mtu anachunguza mafuta ya ubongo kwa miaka minne, na mtunza panya anawapa mafuta chini kwa chini. Watu wamefukuzwa kwa madogo kuliko hayo, na kiinua mgongo chao kikabaki hadithi. Mjomba alikuwa amebakiza miaka minane. Alisema hana utetezi, isipokuwa kwamba walikuwa wanakaa peke yao.

Daktari aliziangalia mbegu kwa muda. Akauliza ni ngapi kwa kila panya. Moja moja, akasema Mjomba. Kila siku? Kila siku, ila Jumapili mbili mbili. Kwa nini Jumapili mbili? Mjomba akashangaa swali lenyewe. Daktari, si ni Jumapili?

Hapo hakuna aliyecheka, na wote tumejuta baadaye. Daktari alizisukuma funguo zikarudi upande wa Mjomba, akamwambia Mjomba beba vitu vyako, kesho nani atawapa maji? Akawaandikia wafadhili kuomba miezi minane.

Miezi minane ikapita katika kazi moja: nusu ya Wasio na Mkasi walipewa mbegu za alizeti kihalali, zimepimwa na kutiwa sahihi, na nusu hawakupewa. Mjomba alikatazwa kujua nani anapata na nani hapati. Mbegu ziligawiwa na Daktari mwenyewe. Mjomba alikuwa akisubiri nje wakati huo, amesimama koridoni, mgongo ameuegemeza mlangoni, mikono nyuma, kama baba mkwe. Sote tulijua anasubiri nini. Ikithibitika ni mbegu, utafiti umepona na mtunza wanyama ameharibu miaka minne. Ikithibitika si mbegu, mtunza wanyama amepona na ukoo unafungwa. Kwa namna zote mbili kulikuwa na mtu wa kulia.

Haikuwa mbegu. Waliokula na wasiokula walifanana. Mia nne na kumi na wawili wale wakawa wamebakiwa na wiki tatu.

Siku iliyofuata Daktari alishuka Chumba Namba Nne asubuhi, akageuza ndoo, akakaa. Akamwambia Mjomba afanye kazi zake kama kawaida, asimjali. Alikaa mpaka adhuhuri na daftari, akiandika kila kitu: kikombe, maranda, wimbo wa puani. Hakuona cha kuwaandikia wafadhili. Saa saba kasorobo akainuka, mgongo unauma, daftari kwapani, akatangulia kutoka, Mjomba akiwa bado ndani.

Mlango ukajibamiza.

Walioko ghorofa ya pili walidhani ni mtungi wa gesi. Daktari alifungua tena haraka kuomba radhi, akakuta alichokuwa anakitafuta. Panya wa kawaida walikuwa wameinua pua, wamesikiliza, wamerudi kula. Wasio na Mkasi, rafu nzima, kila mmoja alikuwa kwenye pembe ya kizimba chake, ameukabili ukuta, hatikisiki. Na Mjomba alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho amefumba.

Alisema samahani Daktari, nilisahau kukwambia, huo mlango huwa unashikwa. Daktari akauliza unashikwa na nani. Mjomba akamwonyesha: vizimba viwili mikononi, hatua moja nje, kisigino cha kushoto nyuma, mlango unakuja kwa hasira, unakutana na mpira wa buti, unatulia. Tangu lini? Tangu naanza kazi. Na wiki zile saba? Mjomba akatazama upande wa ndoo ya mfagizi; vishindo vya wiki zile sote tulidhani ni vya karakana ya ng'ambo. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na siri ya mlango kiliijua kisigino, ambacho hakikuwa kimeulizwa.

Daktari akakaa tena kwenye ndoo. Alitaka kujua nani alimfundisha kufunga mlango hivyo. Ndipo tukajua, kwa sababu Daktari alituhadithia kwa ruhusa yake, kwamba Mjomba ana mdogo wake wa kike. Watoto wa Mjomba humwita Shangazi, nasi tunamwita hivyo hivyo. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita. Ameishi na Mjomba maisha yake yote. Husema maneno machache na hayapotezi. Hupanga vijiko kwa urefu, na ukisogeza kimoja atakirudisha bila kukulaumu. Alipokuwa mdogo, mlango ukibamizwa nyumbani, alikwenda pembeni akaukabili ukuta, na siku hiyo imekwisha. Watu walisema ana kiburi, wengine walisema karogwa, mwalimu mmoja alisema hachapwi vya kutosha. Mjomba, mwenye miaka kumi na miwili, alisema anajaribu kwanza na mlango. Akajifunza kuushika kwa kisigino, maana mikono ilikuwa na ndoo za maji. Nyumbani kwao, alimwambia Daktari, iliwachukua miaka kuelewa kwamba mtoto hakuwa na kosa, mlango ndio uliokuwa na kosa. Neno usonji alilisoma mara ya kwanza kwenye lile bango. Wiki zile saba Shangazi alikuwa ameanguka akavunjika mguu, na Mjomba alikuwa wodini, amekaa karibu na mlango.

Mengine yameandikwa na wataalamu, nasi tutayafupisha. Mtoto wa panya huzaliwa kiziwi. Masikio yake hufunguka karibu siku ya kumi na mbili. Daktari alinasa sauti ya mlango wetu akawasikilizisha watoto waliofungua masikio siku hizo hizo, wakati ubongo bado unauliza njia. Wenye mkasi waliizoea. Wasio na mkasi hawakuizoea, na wakakua kama wale wa wiki saba. Kukosa ule mjumbe wa mafuta peke yake kulileta tofauti ndogo. Kukosa mjumbe pamoja na kelele kulileta kubwa. Makala hayadai zaidi ya hapo, wala sisi hatudai. Ukoo haukufungwa. Wafadhili waliandika barua nyingine, ndefu na yenye furaha, wakitaka picha ya mlango.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa makala hayo yapo maneno ya kumshukuru mtunza wanyama kwa uangalifu wake. Mjomba alipeleka nakala nyumbani. Shangazi aliichukua, akaiweka kwenye ukingo wa meza, pembe kwa pembe, na haijasogezwa mpaka leo. Mke wa Mjomba hukata nguo kwa kuizunguka.

Shangazi alikuja kutuona mara moja, Jumamosi, jengo likiwa tupu. Alivaa buti, za kulia zote mbili maana ndizo zilizokuwepo. Alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusukuma vizimba, kimoja kimoja, kwa kidole, mpaka kingo zote zikawa mstari mmoja. Tangu siku hiyo vizimba vya Chumba Namba Nne havijawahi kukaa upogo. Mjomba amekuwa akivipanga kila jioni kabla ya kutoka. Wakati wa kuondoka, Shangazi alitoka wa mwisho. Akaushika mlango kwa mikono miwili na kuufunga kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Sasa zimebaki siku chache, na korido imeanza kuonekana ndefu. Mtu anapita Chumba Namba Nne anapunguza mwendo, asikie ule wimbo. Mfagizi wa ghorofa ya pili, ambaye si kijana tena, ndiye anayerithi funguo. Amefundishwa kikombe, amefundishwa gololi, na kwa wiki tatu amefanya mazoezi ya kisigino. Wiki ya kwanza alianguka na vizimba viwili. Wiki ya pili aliteguka. Ndiyo maana ya tangazo letu la mwanzo, ambalo halikuwa mzaha. Uongozi haukulala: baada ya makala kutoka iliundwa kamati ya mlango, ikakaa vikao vitatu, ikapendekeza mlango mpya uagizwe kutoka nje, wenye mpira pande zote. Maombi yamekuwa mezani miaka sita. Hakuna aliyeyafuatilia, kwa sababu kila alipokuwa karibu kuyafuatilia, mlango ulikuwa kimya.

Mjomba, tunakushukuru. Asante kwa kifungo cha shati, kwa goti ulilopiga mbele ya mgeni rasmi na kwa funguo ulizoweka mezani wakati hakuna aliyekuuliza. Tumesikia unapanga kulima alizeti nyuma ya nyumba, na kwamba Shangazi ameshachagua mistari. Tunakutakia asubuhi ndefu, buti zinazolika sawasawa, na usingizi usioshtuliwa na kitu. Ukipita njia hii, teremka uwasalimie waheshimiwa. Wao husubiri, ingawa hawajibu.

Nyongeza. Taarifa hii ikiwa tayari kwa kuchapwa, fundi alikuja jana kupima ukubwa wa mlango mpya. Alipanda ngazi, akaangalia kile kidude cha juu kinachouvuta mlango, akageuza skrubu yake nusu mzunguko kwa bisibisi. Mlango haujibamizi tena.